Somo: Kuchagua bareli ya klarineti

Bareli ni kile kipande kifupi kati ya mdomo wa kupulizia na kiungo cha juu. Kwenye klarineti ya B-flati huwa milimita 64 hadi 67 hivi. Nyingi hutoka kiwandani na 65 au 66.

Hatua ya 1: Pasha ala joto. Klarineti ikisikika chini, kuna wanaolaumu mwinuko wa Nairobi. Mita 1,795 hazishushi sauti; baridi ndiyo huishusha. Kila nyuzi 1 ya joto la hewa iliyo ndani ni senti 3 hivi (senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni), na asubuhi za Julai mnazijua. Piga dakika kumi kwanza.

Hatua ya 2: Pima. Mwenzako ashike simu yenye programu ya kupimia sauti, wewe usiione. Jicho likiona sindano, midomo hujirekebisha yenyewe. Piga G ya wazi (bila kuziba tundu lolote), E ya chini kabisa, kisha B unayoipata kwa vidole vilevile ukiongeza kitufe cha rejista, kile cha kurukia noti za juu. Andika.

Hatua ya 3: Soma matokeo. Hapa ndipo penye kazi. Bareli fupi hupandisha sauti na ndefu huishusha, ila si kwa kiasi sawa. Safu ya hewa ya G ya wazi ni sentimita 25 hivi, ya E ya chini karibu 59. Kwa hiyo milimita 1 husogeza G kwa senti 7 na E kwa 3 tu. Ndiyo maana mtu hununua bareli fupi ainue noti za chini, akakuta noti za koo (G ya wazi na jirani zake wa juu) zimepaa.

Noti zote zikiwa chini na bareli imesukumwa hadi mwisho, punguza milimita 1. Zikiwa juu hata ukalazimika kuivuta milimita 2, chukua ndefu: mwanya unaobaki ndani huharibu noti za koo. E na B zikikosana, urefu hausaidii. Angalia umbo la tundu la ndani ya bareli. Bareli zilizompa sifa Hans Moennig, fundi wa Philadelphia, zina tundu linalopungua kuelekea chini.

Hatua ya 4: Jaribu. Nenda na mdomo wako wa kupulizia na mwanzi wako (kile kibamba kinachotetemeka ukipuliza). Bareli ikilegea kwenye koki (kizibo laini kinachozunguka ncha ya kiungo), irudishe.

Maswali

*Mwalimu, klarineti yangu ni ya plastiki. Bareli ya mbao itanipa sauti nene?*
Ikibadilika, shukuru tundu, si mbao. Pesa ikiwa kidogo, anza na mwanzi mzuri.

*Fundi wa Gikomba anaweza kunichongea ya mpingo?*
Mti ndio wenyewe, hata viwanda vya Ufaransa hutumia huohuo. Lakini uwe umekauka kweli, na tundu halisamehi hata sehemu ya kumi ya milimita. Kama hana kifaa cha kupima hivyo, mwachie vinyago.

*Nikate ya zamani iwe fupi?*
Hapana, dada. Ukikata ncha unapunguza kina cha tundu la kupokea koki, na viungo havitakaa sawa.