Wembe wa kukunja kwa anayejifunza: shingo ndiyo inayoshinda watu

Nimeandika hatua hizi baada ya kukaa na kijana mmoja wa Pasiansi, hapa Mwanza. Mashavu aliyaweza mapema, ila shingo ikawa inamtoa machozi. "Kaka, wembe unakata hata unywele unaoning'inia, mbona huku chini nawaka moto?" Wengi wanaokuja kibandani Kirumba wana swali hilohilo, na karibu wote wanaulaumu wembe. Mara nyingi kasoro iko kwenye mkono wa pili, ule usioshika chochote. Kwa hiyo mengine nitayapitia haraka, ila tukifika kwenye kuvuta ngozi tutakaa.

Hatua ya 1: Chombo

Kuna wembe wa kukunja wenye makali yake mwenyewe, ule wa chuma kizito uliosifika kutoka Solingen ya Ujerumani na Sheffield ya Uingereza. Huo unataka mkanda wa ngozi wa kuupitishia kabla ya kila kunyoa, na jiwe laini la kunolea kila baada ya muda. Upana wake hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Anayeanza achukue 5/8 au 6/8, wenye ncha ya mviringo, maana ncha kali ya pembe inachora sikio kabla hujajua umefika.

Wa pili ni ule wa vinyozi wetu, mpini unaochomekwa nusu ya wembe wa kawaida wa pande mbili. Wajuzi wengi watakwambia uanze na ule wa kwanza, kwa sababu uzito wake unakusaidia na hauchani ovyo. Ni kweli, huu wa nusu wembe hausamehe. Hata hivyo mimi namwanzisha mtu na huo, kwa sababu moja tu: makali yake ni mapya kila mara. Ngozi ikiwaka, unajua ni mkono wako. Ukianza na wembe wa kunoa, utakaa miezi hujui kama kosa ni la mkono, la mkanda au la jiwe.

Kuvunja wembe: uache ndani ya karatasi yake, ukunje kwa urefu mpaka ulie "ta!", ndipo uufungue. Na kama unamnyoa mtu mwingine, hata awe mdogo wako wa tumbo moja, wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu usiyoiona. Ule wa makali yake ubaki wa mtu mmoja.

Halafu, tafadhali, usimpe mnoa visu wa baiskeli wembe wako wa Solingen. Jiwe lake la kuzunguka linafaa kwa kisu cha kuparia sangara. Wembe mwembamba unachemka pale ukingoni, chuma kinapoteza ugumu wake, na baada ya hapo utanoa mpaka uchoke bila kupata makali yanayodumu.

Hatua ya 2: Maji na povu

Nyoa ukitoka kuoga. Brashi, sabuni ya kunyolea, basi. Maji ya ziwa ni laini, povu linatoka bila kulazimisha; mwenzako wa Dodoma mwenye maji ya chumvi ya kisima hana bahati hiyo. Povu liwe la majimaji linaloteleza. Likisimama kama la kopo, ongeza maji.

Hatua ya 3: Soma ndevu zako

Ziache siku mbili bila kunyoa, kisha pitisha ncha za vidole kila upande. Upande unaopita laini ndio nywele zinakolala, na unaokwaruza ni kinyume. Kwenye mashavu kwa kawaida zinashuka. Shingoni usimwamini mtu, hata mimi. Kwa wengi, chini ya taya zinashuka, karibu na kola zinapanda, na kando ya kikoromeo zinazunguka au kulala kuelekea sikio. Kulia na kushoto havifanani. Chora kwenye karatasi, mishale tu, uibandike pembeni ya kioo. Kijana wangu aliona huo ni utoto, mpaka alipogundua kwamba upande wa kushoto alikuwa anapandisha wembe kinyume cha nywele kila siku huku akidhani anazifuata.

Hatua ya 4: Ulalo wa wembe

Laza wembe kwenye ngozi, kisha inua mgongo wake kidogo hadi kama nyuzi 30. Ukiinua sana utakwangua, ukilaza sana utang'oa nywele. Usiukandamize. Na usiuvute kamwe kwa ubavu, yaani kufuata urefu wa makali, hata kwa nukta moja. Hivyo ndivyo nyama inavyokatwa buchani.

Hatua ya 5: Kuvuta ngozi, hasa ya shingo

Hapa ndipo penye kazi.

Wembe unapita vizuri juu ya ngozi iliyotandazwa. Ngozi ikilegea, inajikunja mbele ya makali kidogo tu, makali yanapanda ule mkunjo, na unapata mchubuko hata kama hukuona damu. Mchubuko huo ndio moto wenyewe. Kwa hiyo kabla wembe haujagusa, mkono wa pili uwe umeshafika na umeshavuta. Kuvuta na kunyoa kwa wakati mmoja, huku mikono yote miwili inatembea, usijaribu.

Kwanza vidole vikauke. Vidole vyenye povu vinateleza, navyo vikiteleza wembe ukiwa njiani, umekwisha. Weka kitambaa kikavu begani. Kama bado vinateleza, lowesha kipande cha shabu, ileile ya kusafishia maji ya ndoo, pakaza kwenye ncha za vidole na usubiri ikauke. Inashika vizuri ajabu.

Shavu: pitisha mkono juu ya kichwa, vuta ngozi ya karibu na sikio kwenda juu, nyoa kushuka. Rahisi.

Mfupa wa taya: usinyoe juu ya mfupa. Geuza uso, vuta ngozi ya chini ya taya mpaka ipande juu ya shavu palipo bapa, inyoe ikiwa huko, kisha iachie irudi kwao. Kanuni hii inafaa mahali pengi: penye mlima au bonde, hamisha ngozi uipeleke kwenye uwanda.

Chini ya taya: inua kidevu, lakini si mpaka shingo ikakaza kamba, kwa sababu mishipa ikisimama unaongeza mabonde. Vidole viwili juu ya mfupa wa bega vivute ngozi kwenda chini pale unaponyoa kushuka? Hapana. Watu hukosea hapa. Ukinyoa kushuka, vuta kwenda juu, nyuma ya wembe. Ukinyoa kupanda, vuta kwenda chini. Mkono wa kuvuta unakaa kule wembe unakotoka. Ukiuweka mbele ya wembe, unasukuma makali kuelekea vidole vyako, na ngozi inakunjamana palepale ulipotaka inyooke.

Kikoromeo: meza mate, kisha vuta ngozi yake pembeni mpaka iwe kando ya kile kinundu, nyoa hapo, halafu vuta upande wa pili. Usinyoe juu yake moja kwa moja.

Kidevu: kunja mdomo wa chini juu ya meno. Sharubu: refusha mdomo wa juu kushuka juu ya meno, mapigo mafupi sana.

Sasa tahadhari, na hii ni kwa sisi wenye nywele za kipilipili. Kuvuta kuna mwisho wake. Ukivuta kupita kiasi, unywele unatokeza zaidi ya kawaida yake, wembe unaukata, na ukiachia ngozi ule mkato unazama ndani. Unywele unaojikunja ukianza kukua tena kutoka huko chini, unachoma ngozi kutokea ndani, au unatoka kidogo na kuingia tena pembeni. Ndivyo vipele vya ndevu vinavyoanza. Kunyoa kwa kupinga nywele kunafanya jambo lilelile, tena vibaya zaidi. Nipime vipi? Tazama kioo: ngozi iwe bapa, lakini vitundu vya nywele visisimame kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vikisimama, legeza.

Kwa hiyo shingoni fuata nywele mara moja. Ukitaka zaidi, paka povu upya, pita mara ya pili kwa kukatisha, kutoka pembeni. Ishia hapo. Utabaki na ukwaru mdogo jioni, na hakuna atakayeugusa ila mkeo. Mapigo yawe mafupi, kama upana wa vidole viwili. Ukiwa tayari na vipele, acha wembe mpaka vipoe; usivipitie "kuvikata vichwa". Vikitoa usaha au vikianza kuacha makovu yanayovimba, nenda hospitali, usinunue krimu za kung'arisha zenye stiroidi ambazo zinachakaza ngozi.

Kuhusu kubadilisha mikono, kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto: wapo wanaoapa kwamba ndiyo njia. Ukitumia nusu wembe, mimi nakataa. Fundisha mkono mmoja kwanza.

Hatua ya 6: Baada ya kunyoa

Maji ya baridi, kisha pitisha shabu iliyoloweshwa uso mzima. Sikiliza inapochoma: hapo ndipo ulipokandamiza au ngozi ilipolegea, na kesho uanzie kurekebisha hapo. Suuza. Spiriti achana nayo, inakausha ngozi na inachoma kila mahali, kwa hiyo haikufundishi kitu.

Hatua ya 7: Kutunza

Mkanda: mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kamwe usigeuze juu ya makali. Mkanda ukaze, mkono uwe mwepesi, mara 30 hadi 50 kwenda na kurudi. Ngozi nzuri utaipata kwa fundi viatu, umwambie isiwe na rangi wala mshono.

Chuma cha zamani kinashika kutu usiku mmoja, na huku pwani ya ziwa unyevu ni mwingi. Kausha, paka tone la mafuta ya cherehani, weka chumbani na si bafuni. Nusu wembe uliotumika utumbukize kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kijipenyo kwenye mfuniko. Kwenye mfuko wa taka utamkata anayeubeba.