Rufani ya kesi ya kampuni Tanzania: barua moja inayoangusha wengi

Ukishindwa kesi ya wanahisa Mahakama Kuu, ukitaka kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufani iingie ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Usisubiri nakala ya hukumu, siku zinahesabika. Mjibu rufani (upande unaopingana nao) apewe notisi hiyo ndani ya siku 14 baada ya kusajiliwa. Rufani yenyewe: siku 60 tangu usajili wa notisi.

Mwenendo wa shauri (kumbukumbu za kesi zilizoandikwa mahakamani) mara nyingi hauwi tayari ndani ya siku hizo, na hapo kinachokuokoa ni cheti cha ucheleweshaji cha Msajili wa Mahakama Kuu, kinachoondoa siku za kuandaa nyaraka kwenye hesabu ya siku 60. Ila cheti hakikusaidii kama barua ya kuomba mwenendo hukuiandika ndani ya siku 30 za uamuzi, au hukumpa mjibu rufani nakala yake. Agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, tarehe isomeke.

Ukikabidhiwa cheti, kikague palepale: tarehe ya barua yako, tarehe uliyojulishwa kuwa nyaraka ziko tayari, namba ya shauri. Tarehe moja ikikosewa, kirudishe kirekebishwe kabla hujasajili rufani.