Kitambulisho cha NIDA hakikufikishi Kigali: ya kuandaa kabla hujatoka Kigoma

Shangazi yangu wa Ujiji aliwahi kurudishwa mpakani mwa Rwanda akiwa na dagaa wa zawadi, vitenge viwili na kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa cha Tanzania, ambacho hakijapata hata mkwaruzo. Alikuwa anakwenda harusini Kigali. Mkwe wake wa Kampala alimwambia kwenye simu, "Shangazi, mimi Kigali naenda na kitambulisho tu." Mkwe hakudanganya, ila yeye ni Mganda. Harusi ilifungwa shangazi akiwa gesti Nyakanazi, anasubiri basi la kurudi.

Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka huohuo nchi hizo zilianzisha viza moja ya utalii, dola 100 kwa siku 90, mgeni akazunguka zote tatu. Tanzania na Burundi hazimo. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaziruhusu nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho zifanye hivyo, wala haizilazimishi nyingine kufuata. Wakati ule kuna waliosema tumetengwa, na waliosema tumejitenga wenyewe kwa hofu ya ardhi na ajira. Novemba 2013 Rais Kikwete aliliambia Bunge kwamba Tanzania haitoki kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatukutoka kweli, lakini mtu wa Kigoma anayepakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa maji bado analazimika kubeba karatasi ambazo Mganda anayekwenda Kigali hazihitaji.

Kwa hiyo anza na pasipoti, tena anza mapema kuliko unavyodhani. Pasipoti ya kielektroniki, hii iliyozinduliwa Januari 2018, ada yake ni shilingi 150,000, na bila namba ya NIDA huipati. Hapo ndipo watu wa mkoa wetu wanapokwama. Kwa kuwa Kiha, lugha yetu ya Kigoma, na Kirundi vinasikilizana, na ndoa zimevuka mpaka tangu enzi za mababu, Mtanzania wa Kigoma huulizwa maswali ya uraia ambayo mtu wa Morogoro hajawahi kuyasikia. Hili linaniuma, na sioni haki ndani yake, lakini safari haisubiri haki itendeke. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa na vyeti vya wazazi au viapo vyao. Chukua barua ya serikali ya kijiji au mtaa wakati mwenyekiti anayekufahamu bado yupo madarakani. Hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi, maana "Ntahondi" kwenye cheti na "Tahondi" kwenye NIDA vinaweza kukugharimu miezi. Kama safari ni ya ghafla, msiba au mgonjwa, iko hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Uliza kwanza kama nchi unayokwenda inaipokea na kwa muda gani.

Cha pili ni chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechomwa Jumatatu ili asafiri Jumatano amechelewa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Usikubali kuambiwa chako cha zamani kimekwisha muda. Mwenye gari ajue pia kwamba ipo "kadi ya njano" nyingine kabisa, ya bima ya gari ya nchi za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Nimeona dereva akitoa ile ya chanjo kwa ofisa aliyetaka ya bima. Na ukishavuka kuingia Burundi au Rwanda, gari linapita kulia.

Njia nayo ina mambo yake. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Usipange kuingia Burundi kwa mpaka wa Manyovu, ulale Bujumbura, kisha uendelee Kigali, kabla hujathibitisha hali ilivyo wiki hiyo. Njia ya uhakika ni kupitia Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Ni ndefu, lakini hutakwama katikati ya nchi mbili zilizonuniana.

Mnaokwenda Kongo, wale mnaopandia boti Kibirizi kwenda Uvira au Kalemie, msidanganywe na habari kwamba Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Kuingia Jumuiya hakukufuta taratibu zote kwa siku moja. Tena msishangae kumwona Mrundi akipita kwa kadi msiyoijua: Burundi, Rwanda na Kongo zina jumuiya yao ya Maziwa Makuu tangu 1976, na sisi si wanachama. Balozi ndogo za Kongo na Burundi zipo hapahapa mjini Kigoma. Nenda ukaulize mwenyewe, usitegemee maneno ya wapiga debe wa bandarini.

Kama unabeba biashara, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, mawese yetu kwa mfano, unaweza kupata cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani, palepale mpakani ukaokoa ushuru. Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi asiyesafiri. Saa ya Bujumbura na Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Ukigongewa muhuri, usiondoke dirishani kabla hujasoma siku ulizopewa. Kama ni chache kuliko ulizoomba, sema hapohapo, kwa upole, pasipoti ikiwa bado mkononi mwa ofisa.