Kugeuza paneli kwa mkono kwa pampu isiyo na betri

Mkulima wa zabibu au mbogamboga wa Dodoma anayevuta maji kwa pampu ya sola isiyo na betri anaijua hali hii: saa mbili asubuhi maji yanachuruzika tu, saa sita yanamwagika, saa kumi pampu imeshachoka. Paneli zilizofungwa kutazama juu hupigwa na jua la ubavuni asubuhi na jioni. Jua likiwa nyuzi 60 pembeni ya pale paneli inapotazama, nusu ya nguvu imepotea. Likiwa nyuzi 30, hasara ni kama asilimia 13 tu.

Kwa hiyo huhitaji kulifuata jua kila dakika, wala sishauri mota na vihisi (vifaa vya kuhisi jua lilipo). Mikao mitatu kwa siku inatosha: nyuzi 45 mashariki asubuhi, kulala mchana, nyuzi 45 magharibi baadaye. Kwa Dodoma jua hufika katikati yapata saa sita na nusu, basi geuza saa tano, kisha saa nane.

Kwa paneli mbili kubwa, chimba mashimo ya futi tatu, moja kaskazini na jingine kusini, usimike nguzo za bomba la inchi 3 kwa zege. Ekseli, yaani mhimili wa kuzungushia paneli, ni bomba zito la inchi moja na nusu, linalozunguka ndani ya vipande vya bomba la inchi 2 vilivyochomelewa juu ya nguzo. Litachezacheza kidogo, lakini kwa grisi linatosha. Nguzo ya kusini iwe ndefu zaidi, ekseli iiname nyuzi 10 kuelekea kaskazini (kama sentimita 18 kwa kila mita), kwa sababu miezi ya kumwagilia, Juni na Julai, jua la mchana liko kaskazini yetu. Mwombe fundi achomelee pete kwenye ekseli isiteleze kuelekea chini. Paneli zifungwe kwenye matundu yake ya kiwandani, usitoboe fremu.

Sehemu ninayoiona ikidharauliwa ni kufuli ya kuzuia paneli zisizunguke zenyewe. Kamba haitoshi. Upepo wa kilomita 70 kwa saa unaweza kusukuma paneli moja ya wati 550 kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, na Dodoma upepo si mgeni. Weka bamba la nusu duara lenye matundu matatu, moja kwa kila mkao, kwenye kila nguzo, na bolti ya milimita 12 ipite humo. Kugeuza ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika fremu, mwingine anachomoa bolti. Jioni zilaze paneli, ziamke zimelala, ndipo uzielekeze mashariki.

Waya uache na mkunjo wa kutosha karibu na ekseli ili usivutike. Usichomoe kiungo cha waya pampu ikifanya kazi. Zima swichi kwanza, maana umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama huu wa paneli) hutoa cheche ambayo haikatiki upesi.

Kabla ya kujenga, pima dakika za kujaza pipa la lita 200 saa mbili asubuhi, siku isiyo na mawingu. Pima tena baada ya kujenga. Kama sola yako ni ya nyumbani na ina betri, hiyo hela ya mabomba nunulia paneli nyingine, uifunge hapohapo kwenye bati.