Msanii mpya msake pembeni ya staa

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye kicheni pati na sendofu, hasa Temeke na Mbagala. Mashangazi wanamtaka Khadija Kopa wa taarabu, wadogo wa bi harusi wanamtaka bintiye, Zuchu wa Bongo Fleva, na nikiwafuatanisha mama na mwana sina kazi tena, ukumbi unajiendesha wenyewe. Lakini dijei anayepiga vinavyojulikana tu hana tofauti na simu iliyochomekwa kwenye spika. Lazima niwe na sauti ambayo ukumbi haujawahi kuisikia, na sisubiri redio inipe.

Chukua wimbo unaoupenda, kisha mwache mwimbaji. Soma maelezo chini ya video: nani prodyuza, nani kaandika, nani kaitikia. Anza na prodyuza, kwa sababu staa anatoa nyimbo chache kwa mwaka ilhali studio haifungwi. Ukisikia "Ayo Lizer" mwanzoni mwa wimbo, huo ni mkono wa prodyuza Lizer Classic wa Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Aliyempenda rapa Professor Jay mwaka 2001, akaufuata mkono wa prodyuza wake, P-Funk Majani, pale studio ya Bongo Records, alikutana na Juma Nature na Ferooz humo humo.

Kwenye makundi ndiko kuna utajiri zaidi, na watu hawapachunguzi. Yamoto Band, vijana waliolelewa na Mkubwa Fella hapa hapa Temeke, wengi waliwasikiliza kama sauti moja, labda wakamtofautisha Aslay. Aliyejizoesha kuzitenganisha sauti zote nne hakushangaa Mbosso alipoibukia Wasafi baada ya kundi kuvunjika. Kwa hiyo kundi likiwa bado hai, jifunze nani anaimba ubeti gani. Likivunjika utakuwa mbele ya wenzako.

Singeli nayo, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, usiisubiri ipakwe mafuta. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso ya Dar, na wazungu wakaanza kuziandika kama kitu kilichodondoka jana. Aah! Vigodoro, ngoma za mtaani za kukesha, vilikuwa vinatunyima usingizi siku nyingi.

Ukishapata jina, sikiliza wimbo wake wa pili na wa tatu. Wa kwanza unaweza kuwa wa prodyuza zaidi kuliko wake. Tafuta pia video akiimba laivu, si pleibeki. Mimi nina jaribio langu: naupiga wakati wa kupima vyombo, wageni hawajafika, wapambaji wako juu ya ngazi wanafunga vitambaa. Mpambaji mmoja akigeuka na kuniuliza, "Dada, huyu nani?" wimbo unaingia kwenye orodha. Marafiki zangu wa karibu siwaulizi, watanipa moyo tu.

Kuna njia nyingine ambayo vijana wanaidharau: kitabu. Waandishi na watangazaji wa muziki wakizeeka huandika kumbukumbu zao na mastaa. Sura za hoteli na sherehe mimi nazipita mbio. Natafuta aliyefungua shoo, mpiga gitaa aliyeondoka mapema, kijana aliyeleta kaseti ofisini akasahaulika. Penseli mkono huu, simu mkono ule; kila jina geni linasikilizwa kabla sijafungua ukurasa unaofuata. Mtangazaji wa Uingereza John Peel alikuwa BBC Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, akaacha kitabu cha maisha yake kimeandikwa nusu, mkewe Sheila akakimalizia. Wengi humtaja kwa bendi za gitaa za Uingereza. Mimi kwake nilimfuata kwa ajili ya bendi ya Bhundu Boys ya Zimbabwe, ambayo aliipigia debe sana, na sauti ya mwimbaji wao Biggie Tembo ikanipeleka kwenye jiti nzima, muziki wa dansi wa huko.

Kwetu, anza na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, hilo kila mtu analirudia. Wewe waangalie waliokaa naye na ala zao, kina Mbaruk na Subeti, uwatafute nao. Kisha shuka hadi kwa Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti mpaka enzi zetu.

Mwandishi akijigamba kwamba yeye ndiye aliyemgundua msanii fulani, linganisha miaka. Wimbo ukiwa ulitoka kabla hawajakutana, basi kuna mwingine aliyesikia mwanzo: mwenye studio, mwalimu wa kwaya, dijei wa mtaani. Mtafute huyo, ana wengine ambao bado hawajaandikwa.