Laptopu imezeeka: utengeneze au uachane nayo?
Kabla hujampelekea fundi pale Makoroboi, Mwanza, azima chaja ya mtu ujaribu kwanza, maana kuna mashine zinaitwa zimekufa kumbe chaja tu. Ikiwa inajivuta kama kivuko kilichojaa mizigo hiyo haijafa bado, toa ile hard disk ya zamani (inapokaa mafaili) weka SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, ongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kama inakubali, utaipenda upya. Betri inabadilishwa, kioo pia ila uliza bei. Sasa madabodi, ile bodi kuu ya ndani, ikiungua (au uliimwagia chai kama mimi) hapo nakaza mkono, fundi akitaja nusu ya bei ya mtumba nyingine nzima mi siweki hela. Na mafaili yahamishe kwenye flashi KABLA hujaiacha kwa fundi jamani