Kupanga safari ya siku moja ya mtumbwi kwenye mto mdogo wenye maporomoko, msimu wa masika

Kuanzia Machi hadi Mei, mito inayoshuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hujaa kiasi cha kupitisha mtumbwi mahali ambapo Februari ungeukokota juu ya mawe. Sisi wapiga kafi wa Nairobi huingoja miezi hiyo mwaka mzima. Lakini ndiyo miezi ambayo mto mdogo hubadilika ukiwa ndani yake, kwa hiyo karibu mpango wote unahusu jambo moja: kujua maji yakoje na yanaelekea wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kuongoza mtumbwi kwenye maji ya kasi. Kama hujafunzwa, nenda kwanza kwa wakufunzi wa Sagana, kilomita mia hivi kutoka mjini, ujifunze kwenye Tana ukiwa na mtu pembeni.

Hatua ya 1: Chagua kipande cha mto

Maporomoko hupimwa kwa gredi, kuanzia 1 iliyo rahisi kabisa hadi 6 iliyo hatari kabisa. Kwa mtumbwi wazi wa watu wawili, lenga gredi ya 2, na sehemu moja moja za gredi ya 3 ambazo mnaweza kuzipita kwa miguu. Kumbuka kwamba gredi hupanda maji yanapopanda. Mathioya, unaotoka Nyandarua na kumwaga maji yake Tana, ni mwembamba na una mteremko mkali. Ukijaa, mimi siuchagui kwa kundi lenye mgeni hata mmoja.

Kilomita 8 hadi 12 zinatosha kwa siku. Kwenye mto wa namna hii hesabu kilomita 3 kwa saa, kwa sababu mtasimama mara kwa mara kukagua.

Hatua ya 2: Utembee kwa miguu wiki moja kabla

Hatua hii haina njia ya mkato. Picha za setilaiti zitakuonyesha vizingo na madaraja, lakini hazitakuonyesha mti ulioanguka jana. Mti uliolala majini ndio unaoua: maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Tafuta pia kuta ndogo za zege zilizojengwa kuvuta maji ya kunyunyizia mashamba. Kwa juu huonekana kama ngazi moja tu, lakini maji ya chini yake huzunguka yakirudi ukutani na hayamwachii mtu. Hizo hazipitwi kwa mtumbwi hata siku moja. Tazama na mipira ya pampu pamoja na nyaya zilizovutwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Waulize wanaoishi hapo. Mzee anayelisha ng'ombe ukingoni anajua maji yalifika wapi wiki iliyopita, na wachimba mchanga wanajua kila shimo. Salimia, jieleze, omba ruhusa ya kupita shambani. Siku ukihitaji msaada, hao ndio watakaofika wa kwanza.

Hatua ya 3: Soma mvua ya milimani

Mvua inayojaza mito hii hainyeshi pale ulipo. Unaweza kuwa Sagana juani huku Nyandarua kumefunga. Fuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwa siku tatu, na uangalie maeneo ya juu, siyo Nairobi. Mwaka kama 2024, mafuriko ya Aprili na Mei yalipoua zaidi ya watu 200 nchini, hakuna safari ya kupanga.

Nyanda za juu hunyeshewa zaidi alasiri na usiku. Ndiyo maana ratiba yangu haibadiliki: kutoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, kupita Thika na Kenol kabla magari hayajajaa, kuingia majini saa tatu, kutoka majini saa nane mchana.

Hatua ya 4: Vifaa

Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha lililofungwa barabara, kofia ngumu na viatu vinavyofunika vidole. Ndara zibaki garini. Filimbi ifungwe kwenye jaketi: milio mitatu maana yake hatari. Kila mtumbwi uwe na kafi la akiba na kamba ya kumrushia aliyeanguka majini, ya mita 15 hadi 20, ndani ya mfuko wake. Kamba isiachwe imelegea chini ya miguu.

Mtumbwi ukijaa maji hubeba lita mia kadhaa, na kila lita ni kilo moja. Uzito huo ukikubana kwenye jiwe, huutoi kwa mikono. Kwa hiyo tunajaza nafasi ya mbele na ya nyuma kwa tyubu za matairi zilizopulizwa na kufungwa kwa kamba imara, ili maji yakose mahali pa kukaa.

Mitumbwi isipungue mitatu. Mmoja ukipinduka, wa pili unamfuata mtu, wa tatu unafuata vyombo.

Hatua ya 5: Weka alama ya maji

Mkifika mahali pa kuanzia, kabla ya kitu kingine chochote, chagua jiwe au nguzo ya daraja na utie alama ya chaki kwenye usawa wa maji. Kisha pelekeni gari moja mwisho wa safari, dereva arudi kwa bodaboda.

Aprili moja niliacha jiwe likiwa limechomoza juu ya maji kwa upana wa vidole vitatu. Saa moja na nusu baadaye, gari likiwa limeshafika chini na tyubu zimefungwa, jiwe halikuonekana. Maji yaliyokuwa na rangi ya chai yalikuwa kama kakao, na majani ya migomba yalipita katikati ya mkondo. Kijana mmoja, ndiyo safari yake ya kwanza, alikuwa tayari amepiga magoti mtumbwini. Nilimwomba ashuke. Tulipakia kila kitu kikiwa kikavu.

Alama ikipanda kabla hamjaanza, rudini.

Hatua ya 6: Majini

Pigeni magoti, msikae. Kabla ya kila poromoko msiloliona hadi mwisho, egesheni kwenye maji tulivu nyuma ya jiwe, mshuke mkakague. Mtu mwenye kamba asimame chini ya poromoko kabla wa kwanza hajapita.

Ukianguka, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu ya maji, na ukae upande wa mtumbwi ambako maji yanatoka, usiwe kati yake na jiwe. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi hata kama ni ya magotini. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi.

Hatua ya 7: Ukirudi

Jioni hiyohiyo anikeni kamba zote na mkague vifungo vya jaketi. Eneo la Mwea, karibu na Sagana, na jirani zake lina kichocho, na konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia, yaani palepale mnapoegesha kula. Mpimwe hospitalini baada ya wiki sita hadi nane. Ukikutwa nacho, prazikwanteli inakitibu.

Na mpigie simu yule mzee wa ng'ombe, umwambie mmetoka wote.